Nimeahidiwa jina kwenye makala ya utafiti, lakini jedwali lenyewe silisadiki

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mtakwimu wa tiba, mwanamke wa miaka 32, na ninafanya kazi katika hospitali moja mkoani Tabora ambayo ninaomba nisiitaje. Shahada ya kwanza nilisoma takwimu, ya uzamili nikasoma takwimu za tiba, na huu ni mwaka wangu wa tano kazini. Nilipotoka chuoni niliamini kwamba nimepata kazi ya utafiti. Ninachofanya hasa ni kupokea mafaili. Daktari hukusanya takwimu zake peke yake kwa miezi sita au mwaka, halafu siku moja hunitumia faili la Excel kwa simu pamoja na ujumbe wa mstari mmoja: "Dada, naomba unitolee thamani ya p kabla ya Ijumaa," yaani ile namba inayopima ni kwa kiasi gani tofauti kama iliyoonekana ingeweza kutokea kwa bahati tu.

Wiki mbili zilizopita nilifungua faili la namna hiyo, nikakuta mgonjwa wa mstari wa 47 ni mwanamume mwenye ujauzito wa wiki 31. Katika faili jingine umri wa watoto uliandikwa mahali pengine kwa miezi na mahali pengine kwa miaka bila alama yoyote ya kutofautisha, na kila mtoto ambaye uzito wake haukujulikana alikuwa amejazwa 99, kwa hiyo kompyuta ikanipa watoto wachanga wenye kilo 99. Ninatumia siku nzima kuyasafisha mambo haya, na anayenipa kazi huona kwamba nimechelewa.

Mwaka juzi nilifanya kazi ya miezi minne kwenye utafiti wa daktari mwingine, nikaandika kwa mkono wangu sehemu ya mbinu na sehemu ya matokeo. Makala ilipochapishwa, jina langu lilikuwa mwishoni kabisa, katika aya ya shukrani, baada ya dereva. Simdharau dereva, kwani yeye ndiye aliyetufikisha Sikonge na kuturudisha salama wakati wa masika, lakini hakuandika matokeo.

Sasa limetokea jambo linaloninyima usingizi. Daktari bingwa mmoja, mtu ninayemheshimu, amekusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka mitano waliolazwa wakiwa na upungufu mkubwa wa damu, wengi wao kwa sababu ya malaria. Jedwali lake linalinganisha waliopata damu ya kuongezewa na ambao hawakupata, na linaonyesha kwamba waliopata damu walifariki kwa uchache sana. Nilipokwenda masijala kuhakiki mafaili ya karatasi, niligundua kwamba sehemu kubwa ya watoto walioandikwa "hakupata damu" walifariki ndani ya saa moja au mbili tangu wafikishwe, wakati damu bado iko maabara inapimwa. Hawakunyimwa damu, bali hawakuishi hadi iwafikie. Nilimweleza daktari, naye akanijibu kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, wewe ni mtu wa namba, mambo ya wodini tuachie sisi." Kisha akaniambia kuwa safari hii jina langu litakuwa la tatu kwenye orodha ya waandishi, na kwamba anataka jedwali safi Ijumaa ya wiki ijayo.

Ninaomba ushauri wako kwa mambo haya. Je, nikubali, maana ni mara ya kwanza kuahidiwa jina? Je, nirudi shule nikasomee udaktari, kwa sababu ninaona kwamba asiye daktari hasikilizwi hospitalini? Mama yangu ananiambia wazi kuwa hospitali ni ya madaktari. Rafiki yangu wa chuo amenitafutia nafasi ya kuchambua takwimu za mikopo katika benki moja Dar es Salaam, na mshahara wake ni mkubwa kuliko wangu. Na mwisho, ingawa ni dogo, kila ninapokwenda Urambo baba yangu huniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nami sijawahi kumpa jibu akaridhika.

Msomaji wako,
Tabora

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na la Ijumaa, kwa sababu mengine yanaweza kusubiri.

Usiweke jina lako kwenye jedwali hilo kama lilivyo. Ulichokiona masijala ni kosa linalofahamika vizuri katika fani yetu, na limewanasa watafiti wenye majina makubwa kuliko huyo daktari wako. Ili mtoto ahesabiwe miongoni mwa waliopata damu, ni lazima kwanza awe hai mpaka chupa ya damu ifike kitandani pake. Wakati sampuli inachukuliwa, kundi la damu linapimwa, damu ya mtoto inalinganishwa na ya mchangiaji, na pengine ndugu anatafutwa aje kuchangia kwa sababu jokofu la benki ya damu ni tupu, kundi hilo linakuwa na kinga ya bure: hakuna mtoto anayeweza kufariki katika saa hizo akaandikwa upande wao. Vifo vyote vya saa za mwanzo, ambazo ndizo za hatari zaidi, vinaangukia upande wa pili. Hata kama zile chupa zingekuwa na maji ya rangi yasiyo na faida wala madhara yoyote, jedwali lingeonyesha kwamba zinaokoa maisha.

Tena kuna kasoro ya pili ambayo hukuitaja, nayo inavuta kuelekea upande mwingine. Wauguzi na madaktari hawagawi damu kwa bahati nasibu. Mtoto anayehema kwa shida na ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe kama karatasi hutangulizwa, na anayeonekana ana nguvu kidogo husubiri. Kwa hiyo kati ya walioishi saa za mwanzo, waliopata damu mapema huenda ndio waliokuwa wagonjwa zaidi, na kwa hesabu ya kijuujuu damu inaweza kuonekana kama inadhuru. Kasoro mbili zinazovutana hazifutani. Zinakuachia namba ambayo hakuna anayejua imeegemea wapi.

Utafanya nini basi, maana kusema "hapana" peke yake si kazi ya kitaalamu? Rudi kwanza kwenye mafaili utazame kama saa imeandikwa, siyo tarehe tu: saa mtoto alipopokelewa, saa damu ilipoanza kuingia, na saa ya kifo au siku ya kuruhusiwa. Saa ya damu isipopatikana kwenye faili la wodi, uliza kama rejista ya maabara inaonyesha damu ilitolewa saa ngapi. Ukiwa na saa hizo, una njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kuchagua alama moja ya muda kabla hujatazama matokeo, tuseme saa mbili baada ya kupokelewa, kisha ukawalinganisha wale tu waliokuwa hai na bado wako wodini ilipofika alama hiyo, ukiwagawa kwa kuangalia kama walikuwa wameshapata damu au la, na ukaripoti kando, kwa uwazi, wangapi walifariki kabla yake. Ya pili ni kuuhesabu muda wa kila mtoto katika vipande viwili, yaani saa alizokaa kabla ya damu zihesabiwe upande wa "bado hajapata", na zile za baada ya hapo zihesabiwe upande wa "ameshapata". Kwa njia zote mbili, usiache kuzingatia kiwango cha damu cha mtoto alipopokelewa na hali yake ya kupumua na ya fahamu. Kama saa hazipo kabisa, utafiti huo hauwezi kujibu swali la kama damu iliokoa maisha, na ni heri makala iseme hivyo.

Ila nikuambie jambo ambalo nadhani umelipita haraka. Orodha ya watoto waliofariki ndani ya saa mbili damu ikiwa maabara ina thamani kuliko lile jedwali la daktari. Makala inayoeleza mtoto huchukua muda gani kutoka mlango wa mapokezi hadi damu kuanza kuingia, na muda huo hupotelea hatua ipi, ingemsaidia mganga mfawidhi kesho asubuhi. Mpelekee daktari wako makala hiyo. Yeye anataka kuchapisha, nawe unataka ukweli, na hapa vyote viwili vinapatikana.

Usimpinge mbele za watu wala katika kundi la WhatsApp la idara. Mwandikie ukurasa mmoja, umpelekee mwenyewe asubuhi kabla ya raundi. Mimi ningeandika hivi: "Daktari, shikamoo. Nimepitia mafaili ya karatasi. Watoto kadhaa waliohesabiwa kama hawakupata damu walifariki kabla damu haijatoka maabara, na nimeambatanisha orodha yao pamoja na saa. Mhariri makini ataliona hilo na kuirudisha makala. Nimependekeza njia mbili za kuchambua upya pamoja na makala fupi ya pili inayohusu ucheleweshaji wenyewe. Naomba nusu saa yako." Utaona kwamba sikumwambia amekosea. Nimemwambia nani atamwambia hivyo, na mapema.

Sasa hilo la "mambo ya wodini tuachie sisi". Kati ya mwaka 2009 na 2011 lilifanyika jaribio la kitabibu Uganda, Kenya na hapa kwetu Tanzania katika hospitali ya Teule, Muheza, lililojulikana kwa jina la FEAST. Watoto 3,141 waliofika na homa kali na dalili za mwili kukosa mzunguko wa kutosha wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa maji mengi ya dripu kwa haraka katika saa ya kwanza, ama ya albumini, ambayo ni protini ya damu, ama ya chumvi, na wengine hawakupewa maji hayo ya haraka. Kuwapa maji ndiyo ilikuwa kanuni iliyokubalika katika vitabu vingi vya dharura. Wodini nako mambo yalionekana hivyohivyo, kwani dalili hizo za kukosa mzunguko wa damu zilipungua mapema zaidi kwa waliopewa maji, na daktari aliyesimama kando ya kitanda alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba ameona nafuu kwa macho yake. Lakini kamati huru iliyokuwa ikizifuatilia takwimu ilisimamisha jaribio mwanzoni mwa 2011. Kufikia saa 48, walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka. Tofauti ya watoto watatu katika kila mia haionekani kwa macho ya mtu mmoja katika wodi moja, hata awe bingwa kiasi gani, kwa sababu yeye huona mtoto mmoja baada ya mwingine na wanaofariki huwa na sababu nyingi za kufariki. Inaonekana pale tu mtu alipopanga mapema nani ahesabiwe wapi. Kwa hiyo swali la nani anapata damu na lini ni lako sawasawa na lilivyo la daktari. Ndiyo maana lilipotakiwa jibu la uhakika kuhusu watoto wenye upungufu mkubwa wa damu lakini wasio na dalili nyingine za hatari, watafiti hawakutegemea rejista. Waliwagawa watoto 1,565 wa Uganda na Malawi kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa damu papo hapo na wengine wakafuatiliwa kwa karibu na kupewa pale tu hali ilipodai, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti ya wazi ya vifo katika siku 28. Mpe daktari wako utafiti huo ausome kabla hajaandika hitimisho lake.

Hata hivyo, daktari huyo ana nusu ya haki, na nusu hiyo isikuudhi. Barua yako inazungumzia faili, masijala na kompyuta, na sikuona mahali uliposema umesimama wodini. Nilipoanza kazi hii miaka mingi iliyopita, nami nilichukia sana ile 99 kwenye safu ya uzito, nikiamini ni uzembe. Usiku mmoja niliomba kukaa katika wodi ya watoto ya hospitali ya wilaya. Mizani ilikuwa imeharibika, muuguzi alikuwa mmoja, watoto walikuwa wawili wawili kitandani, na fomu tuliyoitengeneza sisi wenyewe ofisini haikuwa na mahali pa kuandika "haikupimwa". Muuguzi alijaza 99 kwa sababu fomu ilimlazimu kujaza kitu. Mwanamume wako mwenye ujauzito huenda amezaliwa hivyohivyo, saa tisa usiku, mtu alipoteleza mstari mmoja chini katika kitabu cha MTUHA, yaani rejista ya taarifa za huduma za afya. Omba ruhusa uhudhurie ripoti ya asubuhi mara mbili kwa wiki na ufuate raundi nyuma kabisa, bila kuuliza maswali marefu. Baada ya miezi mitatu utajua damu huagizwaje usiku, nani ana ufunguo wa jokofu, na kwa nini tarehe ya kuruhusiwa wakati mwingine hutangulia ya kulazwa. Hakuna chuo kinachofundisha hayo.

Hapo ndipo linapokuja la udaktari. Shahada ya udaktari ni miaka mitano, ukiongeza mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na kama kidato cha sita ulichukua fizikia, kemia na hisabati, utadaiwa biolojia kabla hujaanza. Ukitamani kutibu watu, nenda na Mungu akubariki. Ukienda ili usikilizwe, utarudi na miaka karibu arobaini ukiwa daktari mchanga asiyesikilizwa. Mtu aliyeubadilisha utafiti wa tiba kuliko madaktari wengi wa karne yake hakuwa daktari. Austin Bradford Hill, Mwingereza aliyezaliwa 1897, alitazamia kusomea udaktari lakini aliugua kifua kikuu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akasoma uchumi kwa njia ya posta akiwa bado dhaifu, kisha akageukia takwimu. Vita vya pili vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na dawa kidogo tu ya streptomycin, isiyowatosha wagonjwa wote wa kifua kikuu. Hill alipendekeza wagonjwa wagawanywe kwa namba za nasibu zilizofungwa ndani ya bahasha, ili hata daktari anayempokea mgonjwa asijue mapema ataangukia kundi gani. Mwaka 1948 matokeo yalichapishwa: baada ya miezi sita walikuwa wamefariki 4 kati ya 55 waliopata dawa, na 14 kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu. Ugonjwa uliomzuia kuwa daktari ndio huohuo alioufanyia jaribio. Lakini usisahau kwamba Hill hakuletewa faili Alhamisi jioni. Alikuwapo kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia.

Jambo hilo ndilo ninalotaka ulishike katika kazi yako yote, maana malalamiko yako ya jina, ya mshahara na ya heshima yanatoka hapo. Baba yako ni mtu wa Urambo, na kama analima tumbaku anajua kwamba jani lililoungua banini, kwenye nyumba ya kukaushia, haliponywi kwa kulipanga vizuri kwenye robota. Mtakwimu anayeitwa baada ya takwimu kukusanywa anapanga majani yaliyokwisha kuungua. Aliyekuwapo mwanzoni ndiye aliyesaidia kuamua ni watoto wangapi wanahitajika ili tofauti ionekane, fomu iulize nini, nani alinganishwe na nani, na uchambuzi ufanyweje, yote yakiwa yameandikwa kabla ya kuona matokeo. Mchango huo ni wa uandishi bila ubishi. Nitakuwa mkweli kwako ingawa hutapenda: kuendesha kipimo kimoja kwenye faili uliloletewa na kurudisha thamani ya p ni msaada mzuri, lakini mimi nisingeuita uandishi.

Ile ya mwaka juzi ni tofauti. Kanuni za Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba zinataka mwandishi awe ametoa mchango wa maana katika kubuni utafiti, kukusanya takwimu, kuzichambua au kuzitafsiri. Awe ameandika makala au kuihakiki kwa kina. Awe ameidhinisha nakala ya mwisho. Na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Wewe uliyechambua na kuandika matokeo ulistahili kupewa nafasi ya kutimiza masharti yaliyobaki. Majarida huruhusu orodha ya waandishi isahihishwe ikiwa waandishi wote wanakubali, na unaweza kuomba, ila mimi nisingetumia nguvu nyingi huko. Ningezitumia kuandika nusu ukurasa kwa kila kazi mpya: nani atafanya nini, lini, na jina lake litakaa wapi, na nisingefungua faili kabla nusu ukurasa huo haujakubaliwa. Watakaokukasirikia watakuwa wachache kuliko unavyohofia.

Utawapataje mapema? Tangaza alasiri moja ya kila wiki kuwa ni ya watu wenye wazo ambao bado hawajakusanya chochote, na uwape hao kipaumbele kuliko wenye mafaili. Omba kuingia katika kamati ya utafiti ya hospitali, kwa kuwa kila andiko la utafiti hupita mahali fulani kabla ya kwenda kuombewa kibali cha maadili. Na usidhani kwamba utafiti uko Dar es Salaam tu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo hapohapo Tabora. Nenda ujitambulishe. Unaishi katika mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta na maambukizi ya malaria ya asilimia 23 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8, na humo ndimo wanamotoka watoto wa jedwali lako. Swali la namna ya kuzichambua rejista za hospitali pale ambapo tiba yenyewe huchelewa linatosha kwa shahada ya uzamivu, na umekwisha kuliona kwa macho yako mwenyewe. Tafuta msimamizi mwenye mradi, kisha tafuta ufadhili, kwa mpangilio huo. Programu ya kuchambulia takwimu iitwayo R ni ya bure, kwa hiyo gharama ya leseni isiwe kisingizio.

Benki sitakuzuia. Pesa ni pesa, na kuchambua mikopo ni kazi halali inayotumia hesabu ileile. Nakuomba tu usiamue kabla ya ile Ijumaa, kwa sababu hasira ya daktari mmoja isikuchagulie mji wa kuishi.

Tumebaki na baba. Ukifika Urambo, usimweleze habari za thamani ya p. Muulize hivi: jirani yake akitia mbolea mpya upande wa shamba ulio karibu na kichuguu, na mahindi ya upande huo yakawa marefu kuliko ya upande mwingine, je, aisifu mbolea? Atacheka, na atakueleza habari za udongo wa kichuguu kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia. Akimaliza, mwambie kwamba hospitali inakulipa uvitafute vichuguu. Akiuliza inakulipa kiasi gani, hapo sina la kukusaidia.